Robert Wangila: Kutoka dhahabu ya Seoul hadi raundi ya tisa ya Las Vegas

Tarehe 1 Oktoba 1988, katika jiji la Seoul, Korea Kusini, kijana wa Kenya aliyekuwa ametimiza miaka 21 chini ya mwezi mmoja uliopita alipanda ulingoni kucheza fainali ya Olimpiki dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani. Raundi ya pili haikufika mwisho. Mfaransa alikwenda chini kwa ngumi, pambano likaishia hapo, na Robert Wangila akawa bondia wa kwanza mweusi kutoka bara la Afrika kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa nchi yake. Tunasema mweusi kwa sababu Afrika Kusini ilishawahi kupata dhahabu za ngumi kati ya mwaka 1920 na 1948, lakini siku hizo timu yake ilikuwa ya Wazungu peke yao.

Mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Gairo yenyewe haikuwa bado wilaya, ilikuwa chini ya Kilosa, na habari za michezo zilifika huku kwa redio za betri, zikasafiri tena kwa midomo ya madereva na utingo wa malori yaliyopita kati ya Morogoro na Dodoma. Tanzania nayo ilipeleka wanamichezo Seoul, ikarudi mikono mitupu. Ndiyo maana dhahabu ya jirani ilipokelewa kama jambo la nyumbani, na jina la Wangila likakaa vichwani mwa watu ambao hawakuwahi kuiona sura yake.

Katika makala haya tunasimulia maisha yake, ambayo yalikuwa mafupi. Miaka isiyofika sita baada ya Seoul, Wangila alifariki dunia kwa majeraha aliyoyapata ulingoni. Alikuwa na miaka 26.

Nairobi na jina la Hit Squad

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967, wakati Kenya ilikuwa bado haijatimiza miaka minne ya uhuru. Alikulia katika jiji ambalo mchezo wa ngumi ulikuwa na mizizi mirefu. Polisi, jeshi, magereza na kampuni kubwa za Kenya zilikuwa na timu zao, na kijana mwenye ngumi nzuri aliweza kupata ajira kwa sababu ya ngumi hizo. Klabu za mitaani zilifanyia mazoezi kwenye kumbi za jumuiya, nyingi zikiwa na mfuko mmoja wa mchanga na jozi chache za glavu zinazovaliwa kwa zamu.

Kabla yake walikuwapo wakubwa. Philip Waruinge, kijana wa Nakuru, alipata shaba mjini Mexico City mwaka 1968, na ingawa hakufika fainali alipewa tuzo ya bondia mwenye ufundi kuliko wote wa michezo ile. Miaka minne baadaye mjini Munich akapata fedha, huku wenzake Dick Murunga na Samuel Mbugua wakirudi na shaba. Kisha ukaja ukame, na sababu yake ilikuwa siasa. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilisusia michezo ya Montreal kwa kupinga uhusiano wa New Zealand na Afrika Kusini katika mchezo wa raga. Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow. Tanzania ilikwenda, na huko ndiko Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walikopata medali zao za fedha, ambazo hadi leo ndizo pekee nchi yetu inazo. Kenya ilirejea Los Angeles mwaka 1984, na Ibrahim Bilali akapata shaba ya ngumi. Kisha mwaka 1986 nchi nyingi zikasusia tena, safari hii Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh.

Kwa hiyo kizazi cha Wangila kilipevuka katikati ya milango iliyokuwa ikifunguka na kufungwa. Bondia angeweza kufanya mazoezi miaka minne, akafika kilele cha uwezo wake, kisha akasikia serikali imeamua kutokwenda. Waliobahatika ni wale ambao kilele chao kiliangukia mwaka ambao ndege iliruka.

Mwaka wa Wangila ulikuwa 1987. Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na yeye, akiwa bado hajafikisha miaka 20, akatwaa dhahabu ya uzani wa welter, yaani mabondia wasiozidi kilo 67. Timu ya Kenya ilijulikana kwa jina la Hit Squad, na mashabiki wa ngumi wa Afrika Mashariki walilitaja jina hilo kwa heshima yenye hofu ndani yake. Tanzania na Uganda zilikuwa na mabondia wazuri pia. Uganda hasa, ambayo ilishapata medali za fedha za Olimpiki kupitia Eridadi Mukwanga, Leo Rwabwogo na John Mugabi. Lakini dhahabu, hakuna aliyekuwa nayo. Clement Quartey wa Ghana aliikosa katika fainali mwaka 1960, Joseph Bessala wa Kameruni akaikosa mwaka 1968. Mtu mweusi wa Afrika alikuwa akifika mlangoni na kurudi.

Majaji wa Seoul

Ili kuelewa uzito wa ngumi ile ya fainali, lazima tueleze hali ya mashindano yenyewe. Ngumi za Seoul zinakumbukwa kwa fujo kuliko kwa ufundi. Mabondia walikuwa wengi mno, ikabidi ziwekwe ulingo mbili ndani ya ukumbi mmoja, mapambano mawili yakichezwa kwa wakati mmoja. Baadhi ya mabondia walichanganywa na ishara ya ulingo wa pili, wakadhani raundi yao imekwisha. Bondia mmoja wa Korea Kusini aliyeshindwa kwa pointi aligoma kushuka, akakaa peke yake ulingoni kwa zaidi ya saa moja hadi taa zikazimwa.

Kubwa kuliko yote lilitokea siku moja baada ya fainali ya Wangila. Kijana wa Marekani aitwaye Roy Jones alimpiga Park Si-hun wa Korea Kusini raundi zote tatu, kila mwenye macho akaona, na majaji watatu kati ya watano wakampa Mkorea ushindi. Uamuzi ule ulilitia doa shirikisho la ngumi la dunia kiasi kwamba katika Olimpiki iliyofuata, Barcelona 1992, utaratibu wa kuhesabu pointi ulibadilishwa na mashine za kompyuta zikaletwa.

Wangila hakuhitaji huruma ya majaji. Katika nusu fainali alikuwa akutane na Jan Dydak wa Poland, lakini Dydak alikuwa ameumia na hakuweza kucheza, hivyo Mkenya akapita bila kurusha ngumi. Wapo waliosema hiyo ni bahati. Huenda ni kweli, kwani kupumzika siku moja katika mashindano kama hayo ni zawadi kubwa. Lakini fainali haikumpa mtu wa kumhurumia. Boudouani alikuwa bondia mrefu wa kiufundi, aliyemtoa Mmarekani Kenneth Gould katika nusu fainali, na kwa pointi angeweza kabisa kumshinda. Wangila alimaliza shughuli kwa mkono wake. Kwa maoni yetu ndiyo maana dhahabu yake ilipokelewa bila swali katika mashindano ambayo maswali yalikuwa mengi. Mtu akiwa chini, jaji hana kazi.

Kenya ilivuna dhahabu tano mjini Seoul. Nne zilikuwa za riadha, za Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilikuwa ya Wangila. Mwenzake wa Hit Squad, Chris Sande, alipata shaba katika uzani wa kati. Hadi tunapoandika makala haya, dhahabu ya Wangila ndiyo pekee Kenya imeipata Olimpiki nje ya riadha.

Medali hailiwi

Enzi hizo Olimpiki ilikuwa ya mabondia wa ridhaa, yaani wasiolipwa. Bingwa alirudi nyumbani na medali, akapokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma, akapeana mikono na wakubwa. Baada ya hapo alirudi kwenye ajira yake ya kawaida kama alikuwa nayo. Kwa bondia wa miaka 21 mwenye ngumi nzito, fedha zilikuwa sehemu moja tu duniani, nayo ni Marekani. Mwaka 1989 Wangila akaingia ngumi za kulipwa huko.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa sababu watu wengi huchukulia ngumi za ridhaa na za kulipwa kuwa mchezo mmoja. Mwaka 1988 bondia wa ridhaa alicheza raundi tatu za dakika tatu tatu. Alivaa kofia ya kujikinga, ambayo ilikuwa ya lazima Olimpiki tangu mwaka 1984. Mwamuzi alikuwa mwepesi wa kumhesabia bondia aliyetikiswa, na mwepesi wa kusimamisha pambano. Katika ngumi za kulipwa kofia hakuna. Raundi huanzia nne kwa wanaoanza, zikapanda hadi 10, na 12 kwa mapambano ya ubingwa wa dunia. Ubingwa wa dunia ulikuwa raundi 15, zikapunguzwa miaka ya 1980 baada ya Mkorea Duk Koo Kim kufariki kufuatia pambano lake na Ray Mancini, mwaka 1982, mjini Las Vegas.

Tofauti nyingine haiandikwi kwenye kanuni. Katika ridhaa bondia huichezea nchi, na akishindwa leo atapangwa tena katika mashindano yajayo. Katika ngumi za kulipwa kila kipigo hupunguza bei yake. Mgeni kutoka Afrika, asiye na mtaa wa kumjazia ukumbi, akipoteza mapambano mawili matatu huanza kuitwa kuwa ngazi ya kupandia wengine. Anajua hilo, na anapoelemewa ulingoni anapigania pambano la leo na mkate wa miezi sita ijayo kwa pamoja. Ndiyo maana mabondia wa aina hiyo hawapendi kusimamishwa.

Wangila alicheza mapambano 27 ya kulipwa. Alishinda 22, na kati ya hayo 16 kwa kumaliza kabla ya kengele ya mwisho. Si rekodi mbaya hata kidogo. Lakini bingwa wa Olimpiki hutarajiwa kuwa bingwa wa dunia, na mkanda wa dunia haukuja. Wenzake wa Seoul walikuwa wakipanda. Roy Jones alikuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 1993, na Lennox Lewis naye alikuwa bingwa wa dunia. Kufikia katikati ya 1994 Wangila alikuwa ameshapoteza mapambano manne.

Usiku wa tarehe 22 Julai

Pambano lake la 27 lilikuwa Ijumaa tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, dhidi ya David Gonzales. Mwamuzi alikuwa Joe Cortez, mmoja wa waamuzi wenye uzoefu mkubwa nchini Marekani. Katika raundi ya tisa Cortez aliona Wangila anapokea ngumi nyingi bila kujibu, akaingia kati na kulimaliza pambano.

Wangila alilalamika. Alitaka kuendelea. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, alizungumza, na kwa mtazamaji wa kawaida alionekana bondia aliyechoka na kukasirika. Alishuka ulingoni mwenyewe. Muda mfupi baadaye, katika chumba cha kubadilishia nguo, alipoteza fahamu. Alikimbizwa hospitali, akafanyiwa upasuaji wa kuondoa damu iliyoganda na kuukandamiza ubongo. Hakuzinduka. Alifariki Jumapili, tarehe 24 Julai.

Inawezekanaje mtu alalamikie uamuzi wa refa, kisha saa hiyo hiyo aanguke? Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na maji, juu yake kuna utando mgumu. Mishipa midogo ya damu huvuka kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando huo. Kichwa kinapopigwa na kugeuka ghafla, ubongo hubaki nyuma kidogo kisha hufuata, na mishipa ile huvutwa. Ikikatika, damu huanza kuvuja polepole. Dakika za mwanzo mtu anaweza kuwa anaongea, anatembea, hata anadai marudiano. Damu inaendelea kujaa mahali pasipo na nafasi ya kupanuka, hadi ubongo unabanwa. Ndipo hutokea kuumwa kichwa kikali, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kuzimia. Dawa yake ni kufunguliwa fuvu haraka na daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo.

Wangila alikuwa na hospitali kubwa karibu, na upasuaji ulifanyika. Haukumwokoa. Tunaliweka wazi hili kwa ajili ya vijana wa Gairo na vijiji vyake wanaopenda ngumi. Mkoa wetu una jina katika mchezo huu, kwani Morogoro ndiko alikotokea Francis Cheka, na kijana mwenye nguvu za mikono huona njia imeshafyekwa. Gairo iko takribani katikati ya Morogoro na Dodoma. Pambano likichezwa kwenye ukumbi wa mji mdogo usiku wa Jumamosi na mtu akazimia saa sita, safari ya kumfikisha kwa mpasuaji wa ubongo ni ya saa kadhaa, na hiyo ni kama gari limepatikana. Kanuni za ngumi za kulipwa zinataka daktari awe ukingoni mwa ulingo na gari la wagonjwa liwe nje. Mwandaaji asiyekuwa navyo hana ruhusa ya kugonga kengele, na bondia ana haki ya kuuliza kabla ya kuvaa glavu.

Kuhusu Joe Cortez, mabishano yalikuwapo, kama yanavyokuwapo kila bondia anapofariki. Wako wanaoamini mapambano kama lile yangesimamishwa mapema zaidi. Sisi tunaona jambo moja ni gumu kulikwepa. Mtu pekee aliyesimamisha pambano usiku ule alikuwa refa, na mtu aliyepinga kwa nguvu zaidi alikuwa Wangila mwenyewe. Kona ya bondia ina taulo kwa ajili ya saa kama ile. Bondia mwenye moyo kama wa Wangila hataomba litupwe, na hapaswi kuulizwa.

Kilichofuata

Mwili ulipokuwa ukisubiri kuzikwa, ukazuka ugomvi mwingine. Wangila alizaliwa katika familia ya Kikristo, na ilielezwa kwamba alipokuwa Marekani alisilimu. Je, azikwe kwa taratibu za dini ipi, na nani mwenye haki ya kuamua? Mjane, ndugu na Waislamu waliomtambua kuwa mwenzao hawakuwa na jibu moja, na shauri likafika mahakamani Nairobi. Wakenya walishaona jambo la namna hiyo mwaka 1987, pale maziko ya wakili S. M. Otieno yalipogombaniwa na mjane wake na ukoo wake kwa miezi kadhaa hadi Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi. Safari hii aliyekuwa akisubiri kaburi alikuwa bingwa wa taifa, na magazeti yaliyokuwa yameandika juu ya ngumi zake sasa yaliandika juu ya jeneza lake.

Hit Squad nayo haikurudi ilipokuwa. Tangu Wangila na Sande waliposhuka kwenye jukwaa la Seoul, hakuna bondia wa Kenya aliyepata tena medali ya Olimpiki ya rangi yoyote. Timu za mashirika zilipungua, fedha zikapungua, vijana wenye vipaji wakawahi kukimbilia mapambano ya kulipwa kabla ya kukomaa. Tanzania ilipata furaha yake mwaka 1998, Michael Yombayomba alipotwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kuala Lumpur, lakini medali ya ngumi ya Olimpiki bado hatujaigusa.

Na Laurent Boudouani? Mfaransa yule aliyelala katika raundi ya pili naye aliingia ngumi za kulipwa. Mwaka 1996, miaka miwili baada ya kifo cha Wangila, alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA katika uzani mmoja juu ya ule waliokutania Seoul, akaushikilia hadi mwaka 1999.